Nimepata ufadhili kwa skrubu ambayo sikuikata mimi

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 22, ni msichana, na kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Naanzia hapo kwa sababu watu nikiwaambia hucheka kwanza, ndipo huuliza kama nasema kweli. Niko kwenye karakana ya mjomba wangu tangu nilipomaliza shule, na huu ni mwaka wa nne. Nilianza kwa kufagia vumbi la chuma na kumshikia taa, nikapanda hadi kwenye grenda, kisha siku moja mjomba akalitoa fagio mkononi mwangu, akanipa kinyago na kunisogezea vipande viwili vya bamba. Mshono wangu wa kwanza ulikuwa kama mavi ya kuku. Samahani kwa lugha, lakini ni maneno yake, na mpaka leo huwasimulia wateja.

Siku hizi akisimulia humalizia kwa kuwaonyesha kazi zangu. Mshono wa kusimama, ule wa vyuma vilivyosimamishwa wima, nampita, mwenyewe anakiri, anasema macho yake yamechoka.

Miezi michache iliyopita kampuni moja inayotengeneza matangi na mabomba ya viwandani ilitangaza ufadhili kwa vijana wa ufundi vyuma: wachomeleaji, wakerezaji wanaochonga chuma kikizunguka kwenye mashine, na mafundi bamba. Ukichaguliwa unasoma miaka 2, wanakulipia ada, malazi na vifaa, na mwishoni mtihani wa cheti cha kimataifa. Fomu ilitaka vyeti vya shule, barua ya kujieleza, na picha za kazi yako moja pamoja na maelezo ya hatua zake.

Kazi niliyopeleka ni jiliwa, au vaisi kama tunavyoiita karakanani, kile kibano cha kukamatia chuma unapokifanyia kazi. Nilitaka kitu ambacho fundi akikiona ajue sikubahatisha. Nilikata bamba la milimita 12, nikachomelea mwili wake kwa tabaka tatu, kisha nikakaa na tupa siku nne nzima mpaka mataya mawili yakikutana huoni mwanga ukipenya katikati. Viganja viliota malengelenge. Nikilitazama jiliwa lile hizo siku nne ndizo ninazoziona.

Lakini jiliwa bila skrubu ni chuma kilichokaa tu. Skrubu yake inataka nyuzi nene zenye mabega, tofauti na zile za bolti ya kawaida, na mimi sijui kukereza. Kwetu mashine ya kukereza ni moja, kuukuu, ina tabia zake, na anayeiweza ni Hamisi peke yake. Jina nimelibadili. Hamisi alinikatia ile skrubu jioni mbili, baada ya saa za kazi. Kipenyo milimita 20, hatua milimita 4, yaani ukizungusha mpini mzunguko mmoja taya linasogea milimita 4. Mimi nilisimama pembeni na kopo la mafuta ya kukatia, namdondoshea pale ncha ya kisu inapogusa chuma. Akawa ananieleza huku akifanya: pembe ya nyuzi hizi ni digrii 30, usikate kwa pupa, rudi nyuma, pima, ingia tena.

Hamisi naye aliomba ufadhili huohuo, upande wa ukerezaji. Alipeleka puli aliyoichonga mwenyewe. Hakupata. Mimi nimepata.

Sasa lile linaloninyima usingizi. Kwenye maelezo ya hatua niliandika: “kisha nikakata skrubu kwenye mashine ya kukereza.” Nikakata. Nilijiambia huo ni muhtasari tu, na isitoshe naomba uchomeleaji, skrubu haiwahusu. Halafu nikaitwa kwenye usaili. Mzee mmoja kati ya wale watatu aliikuza picha kwenye simu yake, akauliza, “Nyuzi hizi umekata kwa pembe gani?” Nikajibu, “Thelathini.” Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika kitu. Kuhusu pembe sikudanganya. Lakini najua nilichofanya. Fomu ilitaka kazi uliyoitengeneza peke yako, nami nilipewa nafasi mbili za kusema ukweli nikazipita zote.

Hamisi hajui nilichoandika. Majibu yalipotoka alinishika mkono akasema, “Nenda ukatuwakilishe.” Natamani angenuna. Jiliwa liko karakanani, analitumia yeye kila siku, na kila linapokazwa na kulia nageuza uso.

Mkataba umeshaletwa. Nikimaliza masomo natakiwa kuitumikia kampuni miaka 4, na nikiondoka kabla narudisha gharama zote. Kuna na kifungu kinachosema ikigundulika mwombaji alitoa taarifa zisizo za kweli, ufadhili unakatwa na gharama zinadaiwa. Anatakiwa pia mdhamini, na mjomba amejitolea. Nilipompelekea zile karatasi hakusoma hata mstari. Aliuliza tu, “Nasaini wapi?” Nikamwambia kuna ukurasa mmoja bado haujaja. Huo nao ni uongo. Naona nimeanza kuuzoea.

Nimewaza kuikataa nafasi kimyakimya. Nimewaza kusaini na kunyamaza, nisome kwa bidii mpaka nistahili. Nimewaza kuwaandikia kampuni, lakini nikinyang’anywa watu watasema yale waliyoanza kuyasema tangu jina langu litoke, kwamba nilibebwa kwa sababu ni msichana, na msichana atakayekuja baada yangu ndiye atakayelipia. Nawaza pia labda nafasi hii ilikuwa ya Hamisi, na nimemwibia kwa kutumia mkono wake mwenyewe. Na miaka 4 ya kufungwa mahali pamoja inanitisha hata bila haya mengine. Macho ya mjomba yanazidi kuchoka.

Zimebaki siku 19. Nifanyeje?

Mwenye Kinyago

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu, kwa sababu umenifungia mizigo kadhaa kwa kamba moja ukaniomba niinyanyue kwa mkupuo. Acha tuifungue. Kuna neno uliloandika na jibu ulilotoa kwenye usaili. Kuna Hamisi. Kuna mkataba, ambao ungekuwa mzito hata kama skrubu ungeikata mwenyewe kwa macho yaliyofumbwa. Na kuna mjomba, ambaye umemtaja mwanzoni, katikati, na tena mwishoni, karibu na pale unaponiuliza ufanyeje. Huyo nitamrudia.

Nianze na Hamisi, maana kwake ndiko unakojihukumu kwa ushahidi usionao. Unasema labda umemwibia nafasi. Lakini kwa maelezo yako mwenyewe yeye aliomba ukerezaji, wewe uchomeleaji. Mlikuwa foleni moja kweli? Wapo wafadhili wanaotenga nafasi kwa kila fani, na wapo wanaoweka waombaji wote kwenye kapu moja. Wa kwenu ni wa aina gani hujaniambia, na nadhani hukuwahi kuuliza. Huenda puli yake ilizidiwa na kazi ya mkerezaji mwingine usiyemjua. Huenda alikwama kwenye vyeti. Hukumu ya wizi unayojisomea usiku ina pengo kubwa katikati.

Ninachokiona mimi ni kidogo kuliko hicho, ila hakina utata. Ulichukua jioni mbili za Hamisi ukaziandika kwa jina lako. Kwa bahati hizo zinarudishika.

Lugha yetu ina ukatili wake hapa. Ungeandika “tukakata” badala ya “nikakata”, usingekuwa na barua ya kuniandikia. Silabi moja. Nimejaribu kukuwazia usiku ule na fomu mbele yako, na sidhani ulikaa ukapanga kudanganya. Nadhani mikono yako ilikuwa bado inauma kwa tupa, na “ni” ikaja yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya jiliwa lile ni “ni” kwelikweli. Ile ya fomu naielewa hivyo. Ya usaili siielewi hivyo, na wewe pia huielewi hivyo, ndiyo maana umeisimulia taratibu zaidi. Mzee aliuliza “umekata kwa pembe gani”, ukajibu sehemu ya swali iliyokuwa na jibu la kweli ukaiacha ile nyingine ipite.

Nilimsomea kipande hicho fundi mmoja mkongwe, bila kumwambia barua imetoka wapi. Alicheka. “Jiliwa la mtu mmoja sijaliona,” akasema. “Hata chuma chenyewe kiliyeyushwa na mtu mwingine.” Ana hoja. Kazi za chuma zina mikono mingi. Mchomeleaji wa matangi anaunganisha bamba lililokatwa na mwenzake kwenye mtambo uliochongwa na mwingine, na hakuna anayeona aibu kwa hilo. Lakini nikamuuliza: na kwenye mtihani? Hapo alinyamaza kidogo. Mafundi wa Ulaya ya zamani walikuwa na vyama vyao, na kijana aliyetaka kutambuliwa kuwa fundi bingwa alidaiwa atengeneze kazi moja kwa mkono wake, ikaguliwe na mabingwa. Karakana nzima ilikuwa ya kushirikiana, isipokuwa kipande kile kimoja. Kwa hiyo hoja ya fundi wangu inakufaa kwa jiliwa kama jiliwa. Kwa jiliwa kama ombi inategemea fomu ilitaka nini, na hapo nina swali kwako ambalo naliweka mwisho.

Sasa njia ulizozitaja, nianze na ile inayokuvuta zaidi: usaini, unyamaze, usome mpaka ustahili. Sikudharau kwa kuiwaza. Kuna sehemu yake iliyo kweli. Ule mtihani wa cheti unaousubiri haumwonei mtu wala haumbebi. Kwa ISO 9606, kiwango cha kimataifa cha kupima wachomeleaji, mchomeleaji huchomelea kipande cha majaribio mbele ya msimamizi, na kipande hicho hukaguliwa kwa macho, kisha hupigwa picha za mionzi au hukunjwa na kuvunjwa ili ndani yake paonekane. Katika mitihani ya mabomba, mkao unaoogopwa ni ule wa bomba lililofungwa kwa mshazari wa digrii 45, haligeuzwi, ni wewe unayelizunguka. Ukitoka pale na cheti, ufundi huo ni wako, na hakuna skrubu ya zamani itakayoufuta.

Lakini kustahili baadaye hakubadilishi kifungu ulichoninukulia. Kwa jinsi ulivyokieleza sioni kikomo cha muda. Miaka 2 ya masomo, miaka 4 ya utumishi: utakuwa na miaka 28 bado unatembea nacho mfukoni. Na kuna jambo la karibu zaidi ambalo sioni kama umelifikiria. Kozi za uchomeleaji mara nyingi hupitisha wanafunzi kwenye misingi ya kazi nyingine za chuma, upimaji, kazi za benchi, na mashine ya kukereza. Jiulize siku ya kwanza mwalimu atakaposema, “Wewe uliyekata nyuzi za jiliwa, hebu wasaidie wenzako kuwasha hii.” Utaanza kuikwepa mashine, au utaenda usiku kumwomba mtu akufundishe kwa siri kitu ambacho ungefundishwa hadharani bila kulaumiwa. Kutojua kukereza si aibu kwa mwanafunzi wa uchomeleaji. Kwako itakuwa siri. Nimewaona watu waliochoshwa na siri ndogo za namna hii kuliko makosa makubwa.

Njia ya kukataa kimyakimya inaonekana safi, lakini naomba uikague kama unavyokagua mshono, uigeuze upande wa pili. Ukikataa, nafasi inaweza kwenda kwa aliyefuata kwenye orodha ya wachomeleaji, au isiende kwa mtu. Kwa Hamisi sioni itafikaje. Na utahitaji sababu ya kumpa mjomba, na nyingine ya kumpa Hamisi aliyekuambia ukawawakilishe. Yaani unaukimbia uongo mmoja kwa kuzaa mwingine miwili. Ukiamua kukataa kwa sababu hutaki kufungwa miaka 4, hiyo ni sababu ya mtu mzima na nitaiheshimu. Ukikataa ili ujiadhibu, basi angalau jiulize nani ananufaika na adhabu hiyo.

Kuwaandikia kampuni ndiyo njia inayokutisha, na inatisha kweli. Wanaweza kukunyima. Wanaweza pia kusema, asante kwa kutuambia, karibu. Wanaweza wakakaa kimya wiki mbili huku siku zako 19 zikiisha. Siwezi kukuahidi lipi. Ninaloweza kukuambia ni kwamba maneno yaleyale yana bei tofauti kwa siku tofauti. Leo hujasaini, hakuna ada iliyolipwa kwa jina lako, na anayesahihisha maelezo ya ombi lake ni mwombaji anayesahihisha ombi. Ukishasaini, ukasomeshwa mwaka mzima, sahihisho hilohilo linaanza kufanana na kukiri kosa. Ukiamua kuandika, usijikokote magotini. Mistari minne inatosha: mwili wa jiliwa, mishono na usawazishaji wa mataya ni kazi yangu, skrubu ilikatwa na mkerezaji mwenzangu nikiwa pamoja naye, kwenye maelezo na kwenye usaili sikuliweka wazi hilo, naliweka wazi sasa kabla ya kusaini. Basi. Usieleze malengelenge wala usiku usiolala. Wale ni mafundi, watajua kuzisoma picha upya.

Ila Hamisi asilisikie hili kutoka kwao. Kabla hujaandika kokote, ana haki ya kujua jina lake linaingizwa wapi. Na huenda akakushangaza. Umeshaamua kichwani kwamba atavunjika moyo. Mimi simjui, lakini mtu aliyekaa jioni mbili akikueleza pembe ya nyuzi huku anakata, wakati wewe mwenyewe hukuwa unajifunza kukereza, nahisi ni mtu anayependa kazi yake ionekane. Anaweza akaudhika. Kaa hapo ukaudhikiwe. Ni nafuu kuliko kugeuza uso kila jiliwa linapolia.

Tena mpe na kitu cha mbele. Ufadhili wa fani hizi hauna mlango mmoja, ingawa ukishakosa mara moja unaona kama umefungiwa duniani. Hutolewa na viwanda vinavyotafuta mafundi, na vyama vya fani, na familia zilizotajirika kwa mashine. Kule Marekani, kwa mfano, American Welding Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1919, kina mfuko wake wa kusomesha wachomeleaji, na Gene Haas Foundation hutoa fedha kupitia vyuo kwa ajili ya wanaosomea hasa fani ya Hamisi, ukerezaji na mashine zinazoongozwa na kompyuta. Ujerumani fundi mitambo wa viwandani husoma kwa uanagenzi wa miaka 3 na nusu, siku nyingine darasani, siku nyingine kiwandani, na mwajiri humlipa posho tangu mwanzo. Sikutajii hizi ili mfunge mizigo. Nakutajia kwa sababu ya lile neno lako, “kufungwa”. Kuna ufadhili unaofunga na usiofunga, na wa kwenu unafunga, kwa hiyo lazima ujue unafunga vipi.

Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hofu yako ya ile miaka 4 umeipitisha kwa sentensi moja, kana kwamba mtu mwenye hatia hana haki ya kuuliza maswali. Unayo. Miaka hiyo inaanza kuhesabiwa lini, siku unayomaliza masomo au siku wanayokupangia kazi? Wasipokuwa na kazi ya kukupa, uko huru au unasubiri bila mshahara? Ukiondoka ukiwa umeshatumikia miaka 3, unadaiwa robo iliyobaki au chote tangu mwanzo? Ukiugua je, ukipata mtoto je, saa inasimama au unahesabiwa umetoroka? Hilo la mwisho waulize hata kama hulifikirii sasa, maana mikataba mingi ya ufundi iliandikwa na watu waliomuona mvulana tu vichwani mwao.

Uliza na cheti. Kitakuwa kwa jina lako, na nakala halisi atakaa nayo nani? Cheti cha ISO 9606 hakikai kabatini kikaendelea kuwa hai chenyewe. Kila miezi 6 lazima ithibitishwe kwamba umeendelea kuchomelea kazi za aina ileile, na anayethibitisha kwa kawaida ni upande wa mwajiri. Kampuni ikikupeleka ukasugue kutu kwa grenda mwaka mzima, utamaliza utumishi wako na cheti kilichokufa. Na vifaa wanavyosema watalipia, ni kinyago, glovu na viatu tu, au na kinga ya kupumua? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2017. Fundi atakayevuta moshi huo miaka 6 kwa sharti la mkataba anaruhusiwa kuuliza nani anamlipia mashine ya kuunyonya.

Mkataba huo usomwe na mtu anayeijua sheria ya mikataba kabla ya siku ya 19, kwa gharama yoyote mtakayoimudu. Mimi mwenyewe niliwahi kumdhamini kijana kwa karatasi ambayo sikuisoma vizuri. Nililipa. Sikumchukia kwa kuvunja mkataba. Kilichoniuma ni kwamba siku ninasaini alikuwa tayari anajua ataondoka, akanionyesha kwa kidole pa kuweka sahihi.

Hapo ndipo narudi kwa mjomba wako.

Katika kila njia uliyoniandikia umejipima wewe, kampuni, Hamisi, na msichana atakayekuja baadaye. Mjomba umemweka pembeni kama mtu wa kutunziwa furaha. Lakini kwenye karatasi ile yeye ndiye wa pili kutoka kwako. Kifungu cha taarifa zisizo za kweli kikiamka, watakaogonga mlango wataanzia kwako na kuishia kwenye karakana yake. Wewe ukisaini ukinyamaza, unachagua kubeba hatari unayoijua. Yeye akisaini anabeba hatari ambayo hajaambiwa ipo. Sikuambii uiache nafasi wala sikuambii uandike barua. Ila nimejaribu kutafuta njia ambayo yeye anasaini bila kujua na ikawa sawa, na sijaipata. Naona hata wewe hukuipata, ndiyo maana ukabuni ukurasa usiokuwepo. Mkono wako ulimzuia asisaini kabla kichwa hakijaamua. Uusikilize mkono huo, umefanya kazi nzuri miaka minne.

Na ukikaa naye, usiishie kwenye skrubu. Umeniambia mara mbili kwamba macho yake yanachoka, mara ya pili bila sababu yoyote ya kulitaja pale ulipolitaja. Umewahi kumuuliza anataka nini? Au umeshamjibia? Inawezekana anakusubiri uichukue karakana. Inawezekana pia anauliza “nasaini wapi” kwa haraka kwa sababu anaogopa utabaki kwa ajili yake. Mshono wa kusimama unamfundisha mtu kwamba ukizembea chuma kinamiminika chini chenyewe. Mazungumzo haya nayo yameshaanza kumiminika, bora uyaongoze.

Kuhusu watakaosema ulibebwa kwa sababu ni msichana: watasema ukinyamaza, watasema ukinyang’anywa, na watasema ukifaulu. Wameanza kusema kabla hawajajua lolote kuhusu skrubu. Kwa hiyo sioni kwa nini uwape kura katika uamuzi huu. Na msichana atakayekuja baada yako, wewe si dhamana yake. Mzigo huo uushushe, umebeba vya kutosha.

Sasa lile swali. Juu ya barua yako umeandika kwamba fomu ilitaka “kazi yako moja pamoja na maelezo ya hatua zake”. Chini, baada ya kunisimulia usaili, umeandika kwamba ilitaka “kazi uliyoitengeneza peke yako”. Hizi ni fomu mbili tofauti, binti. Ya kwanza inaruhusu msaada wa mwenzako, mradi umtaje. Ya pili hairuhusu. Ipi ndiyo iliyochapwa, na ipi ni ile uliyoiandika mwenyewe usiku kwa hatia? Itoe ulipoificha, uisome mstari kwa mstari, kisha nitumie maneno yake kama yalivyo. Siku bado zipo.